Iliyopo na iliyobaki: kusoma ripoti ya MEM katika MS-DOS 5

Maandishi ninayoyachambua hapa ni mafupi sana: ripoti ya amri ya MEM katika MS-DOS 5, mfumo uliotoka mwaka 1991. Tuchukue kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 2. Ikimaliza kutaja kumbukumbu ya kawaida, MEM inaandika mistari mitatu ninayoifasiri hivi:

baiti 1048576 za kumbukumbu ya nyongeza
baiti 0 za kumbukumbu ya nyongeza zilizo huru
baiti 983040 za XMS zilizo huru

Mstari wa pili ndio unaoshtua. Anayeufasiri kwa "hakuna kumbukumbu ya nyongeza" anamtuma mwenye mashine kununua chipu bure. Kiswahili chetu kinatenganisha vizuri iliyopo na iliyobaki. Chipu zipo, mstari wa kwanza umezitaja. Ila HIMEM.SYS, iliyopakiwa kutoka CONFIG.SYS, imeishika kumbukumbu yote ya nyongeza na kuigawa yenyewe kwa kanuni za XMS. Programu inayoiuliza BIOS kwa njia ya zamani inajibiwa sufuri. Zile baiti 65536 zinazopungua katika mstari wa tatu ni eneo la HMA, ambamo DOS=HIGH huhamishia sehemu ya DOS.

Basi, ndugu msomaji, mstari wa tatu usipoonekana kabisa, tazama CONFIG.SYS: je, njia ya faili ya HIMEM.SYS ni sahihi, na je, imetangulia EMM386.EXE? Kama ni programu moja tu ya zamani inayolalamika, HIMEM.SYS inakubali kuiachia fungu kwa /INT15=, ikifuatwa na idadi ya kilobaiti. Ongeza 64 juu ya mahitaji ya programu.

Kuna pia iliyoonwa. Jibu la BIOS kwa swali lile la zamani linakaa katika rejista ya biti 16, isiyopita 65535. Mashine ikiwa na megabaiti 128, jibu hilo linaishia karibu na 64. Hapo hakuna kilichoharibika; namba imekosa nafasi.

Kuhusu istilahi, napendekeza XMS ibaki "ya nyongeza" na EMS iitwe "ya kurasa", maana EMS huonyeshwa kwa kurasa za kilobaiti 16. Kuziita zote mbili "iliyopanuliwa", kama nionavyo katika tafsiri za haraka, kunamwacha fundi bila kujua aguse mstari gani wa CONFIG.SYS.