SOMO: CHUMVI YA UVINZA NA JASHO LA WALIOIPIKA



Nyama inaweza kukosekana mezani mwetu, lakini chumvi haikosi. Zamani, sehemu ya chumvi iliyoliwa Burundi ilitoka Uvinza, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Ilibebwa na watu kwa miguu, ikabadilishwa kwa vitu vingine njiani.

Mwenzetu wa Gishubi akipata nafasi ya kuizuru Uvinza, asitafute shimo la kushuka kwa ngazi. Huko Wieliczka, nchini Poland, wachimbaji walishuka ardhini tangu karne ya 13 kukata mwamba wa chumvi. Uvinza, maji ndiyo yanayofanya kazi ya kushuka. Yanapita kwenye miamba yenye chumvi, yanaiyeyusha, kisha yanaibuka kama chemchemi karibu na mito Ruchugi na Malagarasi.

Uchimbaji wa wataalamu wa mambo ya kale mwaka 1967 ulionyesha kwamba watu walipika chumvi hapo tangu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Walifika wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua huyapunguza nguvu maji ya chumvi. Walikata kuni, wakajaza vyungu, wakachemsha mpaka maji yakakauka na chumvi ikabaki. Watawala wa Uvinza walichukua sehemu yao. Iliyobaki ilikuwa ya mpishi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walizishika chemchemi na kujenga kiwanda. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, chumvi ikapata njia ya kusafiri kwa gari la moshi. Kazi ikawa kubwa zaidi, lakini jambo moja lilibadilika: aliyekuja na chungu chake na kuondoka na chumvi yake, sasa alikuja na mikono mitupu na kuondoka na mshahara.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Mwenye chungu alijua sehemu yake kabla ya kuwasha moto. Asiye na chungu, awe wa kiwandani au wa shamba la chai, hana budi kuipatana sehemu yake, na mtu mmoja peke yake hapatani vizuri.

Maswali ya kujadili katika tawi:

1. Kazini kwetu, chungu ni cha nani, na kuni analeta nani?
2. Sehemu yetu hupangwa lini: kabla ya kazi au baada yake?
3. Nani huketi mezani kwa niaba yetu inapopangwa?