Je, Pampu Yenu Inafunguka? Somo kwa Kamati za Maji



Kikundi kinapotaka kuweka pampu kwenye kisima, swali la kwanza huwa ni bei. La pili huwa, "Je, ni ngumu? Itadumu?" Haya ni maswali mazuri. Lakini kuna la tatu ambalo mara nyingi husahaulika mpaka siku maji yanapokatika: pampu ikichakaa, ni nani ataifungua, na kwa kifaa gani? Maana itachakaa tu. Pampu isiyochakaa bado haijatengenezwa.

Hebu tuangalie kwanza kazi inayofanywa kule chini. Tuseme silinda ya pampu ya mkono ina upana wa milimita 50, na maji yako mita 45 chini ya ardhi. Maji yaliyosimama juu ya pistoni ni kama lita 88, ndio kusema kilo 88. Huo ni mfuko mzima wa saruji na robo tatu ya mwingine. Kila mama anapokandamiza mpini, pistoni inainua mzigo huo, tangu alfajiri hadi jioni. Mpini mrefu unampunguzia mama uzito, lakini haumpunguzii pistoni hata kidogo, wala fito, wala vali. Halafu kisima kikiwa na mchanga, mchanga ule unasaga kama msasa.

Sasa, zamani wengi walidhani dawa ya kuchakaa ni kutumia chuma kinene zaidi. Chukueni India Mark II, iliyobuniwa India katika miaka ya 1970. Ni pampu imara kweli, na imeokoa watu wengi, hatuisemi vibaya. Lakini bomba lake la chuma ni jembamba kuliko silinda iliyo chini yake, kwa hivyo pistoni haiwezi kupita ndani ya bomba. Mpira mdogo wa pistoni ukiisha, lazima mng'oe bomba lote, kipande kwa kipande, kwa mitambo ya kuinulia na mafundi waliozoea. Mpira wenyewe ni wa pesa kidogo. Gari la kuwaleta mafundi ndilo la pesa nyingi. Basi kikundi kinangoja, na wakati kinapongoja akina mama wanarudi mtoni na watoto wanaanza kuharisha.

Hapa kwetu Kenya, jibu la jambo hili lilijaribiwa Kwale katika miaka ya 1980, chini ya mradi wa pampu za mkono wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Wanawake wa vijiji walifundishwa kutunza pampu wenyewe. Kutokana na majaribio ya Kenya na ya Malawi ikapatikana pampu ya Afridev. Mchoro wake haukufungiwa na kampuni yoyote. Kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza.

Wabunifu wake walifanya jambo la akili. Hawakujaribu kuzuia kila kitu kisichakae, ila walichagua kipi kichakae. Ndani ya silinda waliweka shaba ngumu na laini ya kuteleza, na kwenye pistoni wakaweka mpira. Vinaposuguana, mpira ndio unaoliwa na silinda inabaki nzima. Mpira wa vali ya pistoni ni sawa na ule wa vali ya chini, kwa hivyo mnaweka akiba ya aina moja. Kwenye mpini kuna bushi za plastiki zisizohitaji grisi. Bomba ni la plastiki, haliliwi na kutu, na ni pana kuliko silinda. Pistoni inavutwa juu bila kugusa bomba. Fito zimeunganishwa kwa ndoano na pete, mnazifungua kwa mikono. Vali ya chini nayo inavuliwa kwa kifaa chake maalum, kama samaki. Ukiacha kifaa hicho, inatosha spana moja.

Si pampu za vijiji pekee. Ile mashine ya kuoshea magari mjini inasukuma maji kwa nguvu kubwa ajabu, mara nyingi sawa na nguzo ya maji ya mita 1,000 au zaidi. Ndani ya nyingi kati ya hizo mna fimbo za kauri, ngumu kabisa, zinazopita katikati ya mipira laini ya kuziba. Fundi akisikia nguvu imepungua, anabadilisha mipira. Fimbo anaiacha.

Tusiwadanganye, Afridev nayo ina matatizo yake. Fito zikigusa bomba la plastiki zinalikwaruza mpaka litoboke, kwa hivyo vishikizo vya katikati visiachwe. Vipande vya bomba vimegundishwa kwa gundi. Vikipasuka kazi inakuwa kubwa, itabidi mkate kwa msumeno. Na kwa sababu kila mtu anaweza kutengeneza, vipuri vibaya vimejaa sokoni. Kabla ya kulipa, linganisheni mpira mpya na ule wa zamani. Zaidi ya mita 45 pia msiilazimishe.

Kipimo chepesi ni hiki. Siku pampu ingali mpya, pigeni mpini mara 40 kwa dakika moja, mpime maji, mwandike kwenye daftari la kamati. Rudieni kila mwezi. Maji yakipungua sana, fungueni muangalie mpira wa pistoni. Tena, iacheni ipumzike nusu saa, kisha hesabuni mapigo kabla maji hayajatoka. Yakizidi matano, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni vali ya chini. Msingoje ikwame: mipira na bushi zibadilishwe mara moja kwa mwaka, hata kama bado zinaonekana nzuri.

Maswali ya kujadili kikundini: Katika kamati yenu, ni watu wangapi wanaoweza kutoa pistoni leo bila kumwita fundi, na kati yao wanawake ni wangapi? Spana iko nyumbani kwa nani? Duka la karibu lenye mpira wa pistoni liko wapi, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi ngapi? Pesa hizo ziko kwenye sanduku sasa hivi?