Dondoo Muhimu: Kuchagua na Kufunga Kiyoyozi Nyumbani

Joto la Handeni na Korogwe huwa kali zaidi kati ya Desemba na Machi. Kiyoyozi husaidia kikichaguliwa na kufungwa ipasavyo.

• Nyumba kwanza. Bati lisilo na dari huingiza joto chumbani mchana kutwa. Dari na miti ya kivuli hupunguza mzigo wa kiyoyozi. Madirisha ya wavu mtupu yawekwe vioo, la sivyo baridi yote hutoka nje.

• Ukubwa. Chumba cha mita 3 kwa 4 hutoshwa na kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Cha mita 4 kwa 5 huhitaji 12,000 hadi 18,000, hasa kikipigwa na jua la jioni.

• Aina. Kiyoyozi cha inveta hubadilisha kasi ya kompresa kulingana na joto, hivyo hutumia umeme kidogo kuliko cha kawaida.

• Umeme. Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye meinswichi, sakiti breka yake na ethi. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Umeme ukipanda na kushuka, stabilaiza ni lazima.

• Ufungaji. Kifaa cha nje kikae kivulini, penye hewa. Bomba la kutolea maji liwe na mteremko. Fundi anyonye hewa yote mabombani kabla ya kufungulia gesi.

• Matumizi. Nyuzi 24 hadi 26 zinatosha. Vumbi likizidi, kichujio kioshwe kila wiki 2.