Fegi Moja, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo tuzungumze kuhusu kile kibanda kilicho karibu na lango la shule, pale mnaponunua kalamu na mandazi. Kando ya peremende, mahali mkono wa mtoto wa darasa la nne unafika, kuna pakiti ya sigara iliyofunguliwa. Ukiwa na sarafu mkononi unapewa moja, kiberiti unaazimwa, na hakuna anayekuuliza una miaka mingapi.

Nimeulizwa na wengi wenu: kama sigara ni mbaya hivyo, mbona serikali imeiacha madukani? Mtu mzima ameachiwa ajiamulie. Lakini kwako wewe ambaye hujatimiza miaka 18, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imemkataza kila mtu kukuuzia. Hiyo pakiti iliyofunguliwa nayo imekatazwa, kwa kuwa sheria inataka sigara ziuzwe kwenye pakiti yenye angalau 10.

Hebu fikirini ni kwa nini Bunge likajishughulisha na idadi ya sigara katika pakiti. Kijana wa sekondari hana pesa za pakiti nzima. Ana chenji iliyobaki kwenye nauli, na chenji hiyo inatosha fegi moja. Kesho atanunua nyingine. Tena anayeuziwa moja haoni zile picha za madhara ambazo pakiti zote za Kenya zimetakiwa kuwa nazo tangu 2016, wala hasomi onyo lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Hata kodi, ambayo hupandishwa ili sigara iwe ghali kwenu, humezwa ikigawanywa kwa vipande. Kwa hiyo ukinunua moja moja, kila ulinzi uliowekwa kwa ajili yako unakupita.

Msidhani ulinzi huo ulipatikana kwa urahisi. Kanuni za tumbaku za mwaka 2014, zilizoleta picha hizo, zilipingwa kortini na kampuni ya British American Tobacco, kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na serikali ikashinda Novemba 2019. Karibu miaka mitano ya mawakili! Mfanyabiashara hagharamii kesi ndefu hivyo kwa jambo dogo. Mvutaji mkongwe ataacha au atakufa, na nafasi yake lazima ijazwe na mtu. Mtu huyo anayetafutwa ni wewe.

Ndiyo maana yanipa uchungu kuona mwanafunzi akipatikana na sigara anafukuzwa shule, ilhali aliyemuuzia anafungua kibanda kesho yake asubuhi. Walimu na wazazi mnaosoma hapa, mkimkuta mtoto na sigara, muulizeni kwanza aliitoa wapi, kisha mwende pale na mpeleke habari kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Afisa hawezi kusimama kila kona akilinda, anahitaji kuambiwa.

Halafu kuna vile vifuko vyeupe vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo. Havina moshi wala harufu, vina ladha tamu, na mwalimu anaweza kufundisha somo zima bila kujua. Vilikuwa vimesajiliwa kama dawa, na mwaka 2020 Mutahi Kagwe, aliyekuwa waziri wa afya, alisema usajili huo haukufuata sheria. Mwaka uliofuata vikaanza kutozwa ushuru. Sheria ya 2007 iliandikwa kabla havijafika kwetu, na mswada uliopelekwa katika Seneti mwaka 2024 na Seneta Catherine Mumma ulikusudia kuvibana pamoja na sigara za kielektroniki. Jirani zetu wa Uganda walikwisha kuzikataza hizo sigara za kielektroniki kwa sheria yao ya 2015, na umri wa kuuziwa tumbaku wakauweka miaka 21. Natamani na sisi tufike huko.

Usikubali mtu akuambie kwamba kifuko ni salama kwa sababu hakitoi moshi. Nikotini ni ile ile. Ubongo wako utaendelea kukua hadi karibu miaka 25, na ukiuzoeza nikotini sasa, utaidai hata pale ambapo wewe mwenyewe huitaki.

Na wewe uliyekwisha kuanza, sikugombezi, mdogo wangu. Siku mbili tatu za kwanza za kuacha ndizo ngumu kuliko zote: utakuwa na hasira, usingizi utapotea, vitabu havitaingia kichwani. Baada ya wiki chache hali hiyo hupungua. Kwa hivyo usianze wiki ya mtihani. Anza likizo, ukiwa mbali na wale mnaovuta pamoja. Hamu ikija, haidumu. Kunywa maji, tembea, mpigie mtu simu. Badilisha njia usipite kwenye kile kibanda. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, awe shangazi, mwalimu au kaka. Ukikosa wa kumwambia, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba isiyo na malipo, 1192, na huko hutaulizwa wewe ni mtoto wa nani. Ukiogopa kupiga peke yako, kaeni na rafiki yako, mpige mkiwa wawili.