SOMO LA UFUGAJI: Mbegu ya Kuku Anayejitafutia

Hapa Kombani karibu kila nyumba ina kuku wa kienyeji. Asubuhi hufunguliwa, wakaingia chini ya minazi na mihogo, jioni wakarudi wenyewe. Lakini wengi wetu twalalamika kwamba kuku wanazidi kuwa wadogo, tena wanashinda mlangoni wakingoja mahindi.

Sababu kubwa imo mikononi mwetu. Akija mgeni, hata akiwa ni mchungaji, huchinjwa jogoo mkubwa. Karo ikitakikana, mtetea aliyenona ndiye anayepelekwa sokoni Ukunda. Wanaobaki kuzaa ni wale ambao hakuna aliyewataka. Ukienda hivyo miaka mitano, umechagua mbegu mbaya bila kujua. Basi geuza: chagua kwanza wa kubaki, ndipo uuze.

Utamjuaje? Kwa juma moja usiwape chakula mchana wala jioni. Wakishapanda kulala, washike mmoja mmoja pole pole, upapase mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Uliojaa ukawa mgumu ni wa kuku aliyechakura kutwa. Ambaye wake u mtupu kila siku, mwangalie kama hana minyoo. Akiwa mzima, huyo ni wa sufuria. Anayefaulu mfunge uzi mwekundu mguuni.

Mtetea ana mtihani wa pili, nao ndio mkubwa: vifaranga. Andika daftarini ameangua wangapi, na wangapi wamefika miezi miwili. Aliyeangua 8 akakuza 6 amemshinda aliyeangua 13 akabakiwa na 3, kwani mwewe na nguchiro hawajali umetotoa wangapi. Vifaranga hujifunza kwa mama yao kuchakura, na kukimbilia kichakani akipiga kelele. Kwa hiyo mtetea hodari hutoa mbegu na shule pia. Serikali ilipoanza mpango wa kubadilisha majogoo mwaka 1976, nia ilikuwa kupata kuku wakubwa. Ukubwa ni mzuri, lakini kuku wengi wa kisasa hawapendi kuatamia, na bila chakula cha kununua hawatagi inavyopasa.

Tena kujitafutia si kunyimwa. Chukua chungu kikuukuu, ukijaze mabua makavu na mavi ya ng'ombe, nyunyiza maji, kisha ukifudikize jioni juu ya tundu la mchwa. Asubuhi mapema kifunue, uwamwagie vifaranga. Utaona wenyewe wanavyogombania! Machicha ya nazi nayo yafaa yakiwa mapya, yakichacha yatupwe.

Haya yote huenda bure mdondo ukiingia, kwani waweza kumaliza banda zima kwa siku chache, wateule wako wakiwemo. Chanjo ni tone moja jichoni, kila miezi 3. Chupa moja huchanja kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo akina mama wachange kikundi kizima na wachanje siku moja.

Mwisho, jogoo. Mmoja awatosha mitetea 10, lakini asikae zaidi ya mwaka, la sivyo atapanda binti zake na vifaranga watadhoofika. Badilishana na mwenzio wa Tiwi au Waa ambaye naye amechagua kwa daftari. Jogoo mgeni akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.