Mafunzo Niliyopata Nikijiandaa kwa Mtihani wa Uashi

Hapa Ishiara, Mbeere, mtu akitaka nyumba huenda moja kwa moja kwa fundi. Huokota kijiti, huchora vyumba vitatu na baraza mchangani, kisha huuliza: "Fundi, hii itakula pesa ngapi?" Fundi huyo ndiye atakayepanga nyumba, akadirie saruji, achimbe msingi na kuezeka. Kusanifu na kujenga vyote viko mikononi mwa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo hana cheti chochote. Mimi ni mmoja wa mafundi hao. Nilipoamua kufanya mtihani wa uashi wa NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, nilijifunza mambo ambayo ningependa kila fundi wa Mbeere ayajue mapema.

1. Jua kwanza cheti kinakupa nini.

Mtihani una madaraja matatu: la tatu ndilo la kuanzia, la kwanza ndilo la juu. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliipa pia kazi ya kuwatambua rasmi mafundi stadi na wasimamizi wa saiti, na cheti cha daraja ni ushahidi wa ufundi wako. Hata hivyo, hakikufanyi msanifu. Ramani ya kupitishwa na kaunti ina wenyewe waliosajiliwa kuichora. Kuujua mpaka huo kunakulinda wewe na mwenye nyumba.

2. Ramani kabla ya mwiko.

Wengi wetu tunajenga vizuri lakini karatasi inatutisha. Niliomba ramani za nyumba zilizokwisha kujengwa, nikaenda nazo hadi kwenye nyumba zenyewe, futi ya kupimia mkononi. Kwenye kipimo cha 1:100, sentimita moja karatasini ni mita nzima ukutani. Kwenye 1:50 ni nusu mita. Ukiona 3600 bila maelezo, hizo ni milimita, yaani mita 3.6. Nilipima chumba, nikatazama karatasi, nikapima tena mlango. Kisha nikaja kwenye mchoro wa mkato, ule unaoipasua nyumba kutoka paa hadi msingi: kina cha mtaro, unene wa zege, mawe ya kujazia, DPC (tabaka la kuzuia unyevu), sakafu, linta. Mchoro huo mmoja una maswali mengi ya mtihani kuliko daftari zima. Anayeanza ningemwambia aumalize huo kwanza.

3. Hesabu iandikwe, isikisiwe.

Saiti tumezoea kusema "mifuko kumi na tano hivi". Msahihishaji anataka kuona ulivyofikia jibu. Chukua slabu ya mita 5 kwa 4, unene milimita 100. Ujazo wake ni mita za ujazo 2. Saruji, mchanga na kokoto vikiwa vikavu vina nafasi nyingi za hewa katikati, kwa hiyo unahitaji karibu mara moja na nusu ya ujazo huo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 inakuja mifuko sita na kidogo ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko kama 13 kwa slabu yote. Rudia hesabu hiyo kwa vipimo tofauti mpaka mkono uifanye wenyewe. Mwenye nyumba atafurahi pia, maana hatalipia mifuko itakayogandia stoo.

4. Vitendo vina saa.

Kwa kawaida huku tunapanga matofali kwa mtindo mmoja, kila tofali likikalia kiungo cha chini yake. Mtihani unaweza kudai kona ya mpango wa Kiingereza: mstari mmoja yamelazwa kwa urefu, unaofuata kwa upana, na karibu na pembe kuna kipande kilichopasuliwa kwa urefu ili viungo visifuatane. Nilifanya mazoezi kwa udongo badala ya saruji, ili ukuta ubomolewe jioni na matofali yatumike kesho. Pembe ya mraba pima kwa pembetatu ya pande 3, 4 na 5. Kiungo kiwe milimita 10. Timazi na pimamaji visikae chini muda mrefu. Na usafishe pale ulipofanyia kazi, kwani usafi nao ni sehemu ya ufundi.

5. Ujue kwa nini.

Fundi mmoja mzee wa upande wa Kiang'ombe husugua mchanga wa mto Thuci viganjani, kisha huutupa na kutazama kama kiganja kimebaki na tope. Yuko sahihi. Mtihanini itakubidi ueleze pia kwamba tope huzuia saruji kushikana na mchanga, na kwamba ukitikisa mchanga huo kwenye chupa ya maji, tope litatulia juu ya mchanga ulipime.

Vivyo hivyo na jua letu. Zege hukomaa kwa kunywa maji, na huku maji hukauka upesi. Lifunike kwa magunia mabichi, ulimwagilie angalau siku 7. Uimara wake hupimwa rasmi siku ya 28. Ukienda kujenga Mwea utakutana na udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na msingi wa Ishiara hautakufaa kule.

Nilisoma haya nikikumbuka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, ghorofa lilipoanguka na kuua watu zaidi ya 40. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtihani kuwapo.

6. Soma vitabu vipya.

Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zimeondolewa. Zile za kitaifa za 2024 zilianza kutumika Machi 2025, kwa hiyo daftari la kurithi halitoshi.

Kwenu wakandarasi na maforomani wa Embu, Tharaka na Meru, nina ombi moja. Fundi akiomba ruhusa ya kwenda mtihani, mpeni, na siku hiyo mlipeni ujira wake.