SOMO LA KIINGEREZA: NENO MOJA PEKE YAKE HALITOSHI



Wengi wenu wananiuliza: "Mwalimu, tufanye namna gani tupate maneno mingi ya Kiingereza?" Halafu wananionyesha kaye: Kiingereza upande huu, Kifaransa upande ule, maneno mia mbili, mia tatu. Kazi nzuri, lakini inadanganya.

Sisi wa Kongo tuko na bahati moja. Mwaka 1066 William wa Normandy alishinda Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kule kwa miaka mingi. Kwa hiyo "nation", "justice", "question" unayajua tayari mbele ya kufungua kitabu. Hata maneno ya vitabu vikubwa, yale wengine wanaogopa, mara nyingi yanafanana na Kifaransa. Chukua bure.

Lakini angalia! Mengine ni ndugu wa sura tu. Zamani mimi mwenyewe niliandikia ofisi moja barua ya kuomba kazi. Nikaweka "I demand a job", sababu "demander" ni kuomba. Kumbe kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu. Jibu halijafika mpaka leo. Na ukiandika "I passed the exam" siku unatoka Exetat, mtu atafurahi, atafikiri umefaulu. Kumbe umefanya mtihani tu, matokeo bado. "Library" haiuzi vitabu. "Attend" si kungoja, ni kuhudhuria.

Dawa iko karibu, kwa Walokele. John Carrington, mwalimu Mwingereza aliyefika Yakusu mwaka 1938, alijifunza lokole na akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Lokole haitamki herufi. Iko na sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa Kilokele "songe" ni mwezi, "koko" ni kuku, na kwa lokole yanalia sawasawa. Basi mpigaji hapigi neno peke yake. Anapiga: mwezi unaotazama dunia kutoka juu. Anapiga: kuku, yule mdogo anayesema kiokio. Msikilizaji wa ng'ambo ya mto hakosei.

Fanya vile kwa kaye yako. Usiandike "rain" tu. Ukifuata Kifaransa utasema "strong rain", na Mwingereza atacheka: yeye anasema "heavy rain", lakini upepo ni "strong wind". Ile "faire" yetu moja, kwake inagawanyika: "make a mistake", lakini "do homework". Andika kipande kizima, na chini yake sentensi yako mwenyewe juu ya kitu unakijua: soko, pirogi, mpira. Vipande kumi kwa juma vinapita ile mia mbili.

Zoezi. Tia kwa Kiingereza:
1. Mama anaomba sabuni.
2. Tunangoja pirogi.
3. Nilifanya mtihani jana, matokeo bado.
4. Mvua kubwa ilinyesha Kisangani usiku.
5. Nilihudhuria mkutano wa wazazi.

Leteni kaye mbele ya mwisho wa juma. Dikisioneri ya Kifaransa ibaki ndani ya mfuko.